Usiku Mmoja Bagamoyo na Chumba Kimoja

Tulikuwa tunakwenda Tanga kwenye harusi ya binamu wa mume wangu: sisi wawili, watoto wawili na mama mkwe, ndani ya gari dogo ambalo buti lake lilijaa mpaka halifungi bila kupigwa kofi. Ili kukwepa malori ya Kibaha na Chalinze tukapita Bagamoyo, tutokee Msata. Mpango wangu ulikuwa supu ya pweza, nusu saa, tuondoke.

Sikujua kuwa ni wiki ya tamasha la TaSUBa, kile ambacho wakubwa bado wanakiita Chuo cha Sanaa. Ngoma zilitupokea kabla hatujaiona bahari. Mama mkwe, aliyekuwa amesinzia tangu Tegeta, akafumbua macho. "Mwanangu, leo tunalala hapa." Harusi yenyewe ilikuwa kesho kutwa, sikuwa na hoja.

Sasa chumba. Nilipiga simu gesti moja wakasema kipo, njooni. Tunafika, kimeshachukuliwa na mtu aliyetangulia na fedha mkononi. Hapo nikaacha kuzungusha gari maana tulikuwa tunamaliza petroli na subira kwa pamoja. Nikawaacha wenzangu chini ya mwembe, nikapanda bajaji peke yangu. Dereva wa bajaji anazijua hata gesti zisizo na kibao. "Dada, huku karibu na bahari hupati kitu leo. Twende Magomeni." Gesti ya tatu ilikuwa na chumba kimoja: kitanda cha futi tano kwa sita, feni, ndoo ya maji. Nikalipa palepale kabla hata sijachungulia choo, ndipo nikaanza kuomba godoro la ziada. Mume wangu alilala ndani ya gari, vioo vimeshushwa vidole viwili, na deni la mbu wa usiku ule ananidai mpaka leo.

Mchana jua lilikuwa kali, na nilijua ngoma zenyewe zitanoga usiku, kwa hiyo watoto nikawapeleka misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Pale kuna kivuli cha kutosha. Kuna pia mbuyu mnene wenye kipande cha mnyororo kilichochomoza kwenye shina. Inasimuliwa kwamba ulifungiwa punda zamani, ukasahauliwa, mbuyu ukanenepa ukaumeza. Mwanangu wa miaka sita alitia mguu kwenye shina akauvuta kwa mikono miwili, kidogo kidogo, kama anayeng'oa muhogo. Nilimwacha avute. Ndizo dakika kumi pekee za mchana ule nilizokaa chini.

Hapo hapo ndipo mwili wa Livingstone ulipolazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, akina Susi na Chuma, wakauzika moyo wake kule, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu hadi pwani. Binti yangu alitaka kujua waliukaushaje. Nikamwambia chumvi na jua, akanyamaza huku akimtazama papa mkavu wa bibi yake kwenye mfuko. Mama mkwe yeye alikuwa na lake. "Miezi tisa na maiti begani, halafu mnara wa hapa umepewa jina la aliyebebwa?"

Jioni, kabla ya kuingia kwenye umati, niliwaandika watoto namba yangu ya simu mkononi kwa maka peni. Mume wangu akacheka, eti nawaandika kama magunia ya mkaa. Haikupita saa mbili. Tulikuwa tumezubaa tukiwatazama vijana wa sarakasi wamepandana mabegani, wa juu kabisa anazungusha sahani, na nilipogeuka mdogo hayupo. Miguu iliniisha nguvu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni simu ikaita, namba ngeni, sauti ya mama mtu mzima: "Mwanao yuko hapa kwenye kahawa. Hana neno. Ila amekula kashata tatu, njoo na hela."

Nilimkuta amekaa kwenye benchi baina ya wazee wawili, mkono ameunyoosha mezani kama kitambulisho. Kashata nililipa, nikaongeza nyingine za wazee, na mimi nikanywa kahawa vikombe viwili vya haraka mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Mama mkwe hakuambiwa mpaka tulipovuka Msata. Ngoma alizitazama mpaka mwisho, viatu amevua, akipiga makofi nje kidogo ya mdundo.

Maka peni ile haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya nazi. Kwenye picha za harusi mwanangu amevaa kanzu nyeupe, amemshika bwana harusi mkono, na ukiangalia vizuri namba yangu inasomeka, tarakimu zote 10.