Nilivyopanga Siku za Ufukweni kwa Kufuata Mwezi

Wageni wa visiwani hupewa ushauri mmoja unaoniudhi hadi leo, kwamba bahari ipo siku zote na mtu aingie majini wakati wowote apendao. Mhudumu wa mahali tulipofikia alitueleza hivyo kwa uhakika mkubwa, nasi tukateremka adhuhuri na kukuta maji yamekupwa hadi karibu na mwamba, yakiacha mchanga, mwani na vidimbwi visivyofika magotini. Watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea, na hapakuwa na pa kuogelea.

Jioni mwezi mpevu ulichomoza, nami nikapata pa kuanzia. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa hupungua. Kwenye pwani ambako bahari hujaa mara mbili kwa siku, kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Basi nilichohitaji ni saa moja tu ya kuanzia hesabu. Kesho yake nilichomeka kijiti ukingoni mwa maji, nikawa nakihamisha kila maji yalipozidi kupwa, mpaka yakasimama na kuanza kurudi. Hapo nikatazama saa. Niliporudisha nyuma dakika 50 nikapata kwamba kupwa kwa siku ya mwezi mpevu kulikuwa saa sita mchana, basi nilitangaza kwamba siku tatu baada ya siku hiyo kungekuwa karibu saa nane na nusu, na kwamba maji yangejaa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Ikawa hivyohivyo, na tangu hapo familia nzima ikaniuliza mimi. Nilijivuna, na ninajivuna bado.

Kutazama matumbawe kwa barakoa na mrija tulikuweka kwenye maji mafu, kwa sababu mikondo huwa dhaifu na maji hayachafuki sana. Anayeelea kifudifudi huungua mgongo bila kuhisi, kwa hiyo shati la mikono mirefu lina faida kuliko mafuta ya kuzuia jua yanayopakwa mara moja na kusahaulika. Siku za bamvua tulitembea kwenye vidimbwi tukiwa na viatu vya mpira, tukikanyaga mchanga na kamwe si matumbawe hai, na kila mara tuligeuka kurudi kabla maji hayajaanza kujaa.

Pengo la mwamba tuliliepuka kabisa wakati wa maji kutoka, kwani maji yote ya ndani hupita hapo kuelekea bahari kuu. Aliyenaswa na mkondo kama huo asishindane nao. Aelee kwanza apate pumzi, ainue mkono kuomba msaada, kisha aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani yake, ndipo aelekee nchi kavu.