Useremala kwa fomu wani: vidole vyote bado vipo

Naandika hii kwa ajili ya mwalimu yeyote aliyeambiwa ghafla kwamba muhula ujao karakana ya mbao ni yako, maana tangu mkondo wa amali, yani masomo ya ufundi sekondari, uanze 2024 walioangukiwa na hilo ni wengi na baadhi hawajashika randa tangu wako chuo. Mi nafundisha huku Mufindi, mkoani Iringa, na nikupe picha kidogo ya watoto wenyewe maana ndo inaelezea kwa nini nilifanya nilivyofanya.

Huku ni kwenye msitu wa Sao Hill, paini kila unakogeuka, na nusu ya darasa imekulia kwenye mbao. Baba ana dingdong au anafanya kazi dingdong, mama anauza chakula hukohuko porini. Dingdong kwa asiyejua ni mashine ya kuchania magogo ya kuhamahama, injini, mkanda na sahani ya msumeno, kava hamna. Sasa mtoto ameona watu wazima wanasukuma mbao pale kwa mkono mtupu tangu yuko darasa la pili, ukimwambia hii kitu ni hatari anakuangalia kama mgeni umeshuka jana kutoka Dar. Na anajua kweli, anajua kuitofautisha mbao mbichi na kavu kwa kuigonga tu, kwaiyo huwezi kumtisha. Afu kuna nusu nyingine ambao hawajawahi kushika hata nyundo na wanaogopa kila kitu, na mwoga kwenye karakana ana hatari zake maana anashika chombo kwa vidole viwili.

Ukutani nilikuta orodha ndefu ya sheria za usalama kwa Kiingereza, ya siku nyingi, rangi imepauka. Ipo mpaka leo, sijaitoa, ila sijawahi kuona mtoto amesimama kuisoma.

Nilichofanya ni kubaki na swali moja tu. Lilianzia kwenye patasi. Kijana mmoja anachimba tundu kwenye kipande cha mbili kwa mbili, hakijabanwa kwenye jiliwa (kile kibanio cha kwenye benchi), amekishika kwa mkono wa kushoto mbele ya patasi na wa kulia anasukuma, yani kiganja chake kiko sentimita kama kumi kutoka kwenye ncha. Sikumfokea maana ukimfokea mtu ana patasi mkononi anashtuka. Nikamwambia mwanangu simama hivohivo usisogee, hiyo patasi ikiteleza sasa hivi inaenda wapi? Akaifuata kwa macho, kutoka kwenye mbao mpaka kwenye kiganja chake, akacheka ile ya aibu, akakibana kipande kwenye jiliwa na mikono yote miwili ikarudi nyuma ya makali. Wenzake waliona. Basi kuanzia hapo kila chombo kipya nikikileta mezani sisemi sheria, nauliza ikiteleza inaenda wapi, wao ndo wanajibu. Msumeno wa mkono ukiruka unaenda wapi, kwenye dole gumba lililokuwa linaongoza mkato. Nyundo kichwa kikichomoka kinaenda wapi, kwa aliyesimama mbele, kwaiyo kagua mpini kwanza. Wakaanza kuulizana wenyewe, na siku zingine wananiuliza mimi, kuna binti anapenda sana kuniotea, "Mwalimu samahani, hiyo ikiteleza?" na mi najibu kama wao.

Idadi nayo ilikuwa tatizo. Darasa ni kama watoto hamsini, mabenchi hayatoshi, na siwezi kulinda mikono mia kwa macho mawili. Nikawagawa makundi matatu yanayozunguka, moja liko kwenye mabenchi linakata na kuchimba, la pili linanoa, la tatu linachora na kupima. Yani wenye vyuma vinavyokata kwa nguvu ni theluthi tu ya darasa kwa wakati mmoja na mi nasimama hapo. Kundi la kunoa nalo nimeliweka karibu, la kuchora linajiendesha. Kuna walimu wataona kipindi cha kunoa ni kupoteza muda wa vitendo, mi naona ndo kipindi chenyewe.

Nisimame hapa kidogo. Patasi butu inakata watu kuliko kali, na watoto hawaamini mpaka uwaonyeshe. Ikiwa butu haingii kwenye mbao, kwaiyo unaegemea kwa uzito wa mwili mzima, ikija kuachia inaachia na uzito wote ule na huwezi kuizuia. Kali unaisukuma kidogo inakata, unaisimamisha unapotaka. Nilitoa patasi mbili zinazofanana, moja nimeinoa usiku na nyingine kama ilivyotoka stoo, nikawapa wapunguze kichwa cha kipande cha paini, pale nyuzi zinapoishia. Paini ni laini kwaiyo inasema ukweli, ile kali inatoa utepe safi na mbao inabaki inang'aa, butu inaponda na kung'oa vijishimo. Kupimia makali kwenye nywele za mkono nimekataza kabisa.

Mawe ya kunolea yalikuwa machache na yana mabonde katikati, ila usikwame hapo. Chukua kipande cha kioo kinene cha dirisha, kingo zake zisuguliwe kwanza zisikate mtu, bandika msasa wa maji juu yake, namba 220, 400, 800 na ukipata 1200 ni vizuri zaidi. Unaanza na mgongo wa patasi mpaka ulale bapa kabisa, ndo unageukia upande wa mteremko. Pembe ya kusagia ni digrii 25, pale kwenye ncha tunamalizia na 30. Tulichonga vipembe vya mbao vya digrii 30 kila kundi likawa na chake cha kulinganishia. Unasugua mpaka unasikia kijinyuzi cha chuma upande wa pili, na kukisikia unapitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, sio kukiburuza sambamba na makali. Hapo lazima nisimame mwenyewe kwa kila mmoja mara ya kwanza.

Kazi ya kwanza sikuwapa stuli. Niliwapa kile kibao cha kukatia, chenye ukingo mmoja chini unaonasa kwenye meza na mwingine juu wa kuegemezea mbao wakati wa kukata. Ni kidogo, kinakula mabaki, na akimaliza anakitumia yeye mwenyewe mwaka mzima, kwaiyo kikiwa hakijakaa skwea kinamuumbua kila siku. Baada ya hapo tukaingia kwenye madawati mabovu ya shule, hapo walipata motisi na tenoni za kutosha, yani tundu na ulimi unaoingia humo, maana dawati linavunjikia palepale kwenye kiungo siku zote.

Sasa baridi. Huku mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi ya kweli na mtoto hataki kutoa sweta. Kwenye vyombo vya mkono nawaachia ila mikono ikunjwe juu ya kiwiko, tai itolewe, wenye hijabu ncha zote zinachomekwa ndani ya ovaroli. Kwenye mashine hakuna sweta linaloning'inia na hakuna glovu. Glovu ndo wengi wanabisha, wanaona zinakinga, lakini kwenye kitu kinachozunguka uzi wa glovu ukinaswa unavuta mkono wote ndani, ngozi tupu ingekatika ukautoa. Glovu ni za kubebea mbao zenye vibanzi. Viatu vya kufunika, kandambili unarudi bweni. Na vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi tunaanza na kufagia na kubeba mbao mpaka damu itembee, patasi baadaye.

Mashine ya kuchania ipo, ya fezi tatu, na muhula wa kwanza wote nilitoa fyuzi nikaweka ofisini. Walilalamika sana hasa watoto wa dingdong. Tulipoifungua, anaendesha mmoja na wa pili amesimama kwenye swichi kazi yake ni moja tu, kuzima, haongei na mtu. Swali ni lilelile, mbao ikirushwa inaenda wapi? Inarudi nyuma kwenye mstari wa sahani, kwaiyo husimami kwenye huo mstari, unakaa pembeni. Na hapa watoto wa dingdong ndo walinisaidia kufundisha, maana wao wanajua paini mbichi ukiichana inajikunja na kubana sahani, mzee wa mmoja wao ashawahi kupigwa na mbao tumboni kwa sababu hiyo. Ndo kazi ya lile jani la chuma nyuma ya sahani, linazuia mkato usijifunge. Sahani inatokeza juu ya mbao kidogo tu, na mwisho wa mbao unasukumwa kwa kijiti, tumechonga vingi vimening'inizwa hapohapo ili mtu asiwe na kisingizio.

Kuna mambo mawili ya umeme ambayo vitabu vingi haviyasemi vizuri kwa mazingira yetu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kitu cha kwanza ni swichi kuzimwa, kabla hata ya kusema "aah". Swichi za zamani zinabaki zimewaka, umeme ukirudi mashine inaanza yenyewe na kuna mtu ameinama anatoa maranda. Kama una hela ya kubadilisha kitu kimoja weka swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukipotea na haiwaki mpaka ubonyeze upya. La pili, fundi umeme akigusa waya za fezi tatu hakikisha mota inazunguka upande wake kabla ya kuweka mbao, maana fezi mbili zikipishana inazunguka kinyume, na sahani ikizunguka kinyume nati inaweza kulegea.

Vyombo vinahesabiwa. Ubao umechorwa umbo la kila chombo kwa rangi nyekundu, dakika za mwisho nyekundu ikionekana hakuna anayetoka. Shule ni ya bweni, patasi ikiingia bwenini sio suala la useremala tena.

Vumbi ndo bado napambana nalo. Watoto wanaliona ni uchafu tu, ila wakala wa utafiti wa saratani wa WHO tangu 1995 umeliweka vumbi la mbao kundi la 1, yani linajulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Mzazi mmoja alituletea mabaki ya mninga, mbao nzuri ajabu, ila vumbi lake linawasha pua na mwenye pumu linambana, kwaiyo mninga tunapigia msasa nje upande wa upepo, barakoa usoni, na wenye pumu wanabaki kwenye kuchora. Kufagia tunanyunyiza maji kwanza.

Mbao za dawa, zile za kijani za kupaulia, nimezikataa kuingia karakana. Nyingi dawa yake ina arseniki pamoja na kromu na shaba, na ukizichoma moshi na majivu yanabaki na hiyo sumu. Hapo ndo nikagombana na mama wa jikoni, alikuwa kazoea kupewa vipande vyote, akaja mlangoni, "Mwalimu, mbona siku hizi mnanibania kuni?" Nikamwelezea, akanijibu mbona amezipikia miaka yote. Tumeelewana hivi: kila Ijumaa wanafunzi wanampelekea kiroba cha mabaki ya paini ya kawaida, yamechambuliwa, na akiona kipande chenye rangi ya kijani anakirudisha kwangu. Ashavirudisha viwili, kimoja hata mimi nisingekiona.