Dagaa wanafuata taa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nimeamka saa kumi alfajiri usingizi ukakata kabisa, nikasema acha niandike hili jambo maana nimelibeba muda mrefu na naona kuna mtu linamhusu.

Mnaoishi huku Mwanza mnajua, ukisimama ufukweni Igombe au Kayenze usiku wa giza unaona taa ziwani mpaka unaweza kudhani kuna mji mwingine kule majini. Ni wavuvi wa dagaa wale. Mjomba wangu ni mmoja wao, kazi hiyo ameifanya tangu mimi sijazaliwa, sasa mwaka juzi kijana wake mmoja wa mtumbwini alishikwa na malaria akaniomba nikamsaidie usiku mmoja tu. Nilikuwa nimekula dagaa maisha yangu yote, nimewauza pia pale Mwaloni Kirumba, ila kuona wanavyovuliwa ndo ilikuwa mara ya kwanza.

Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wana taa za betri na sola. Mnafika ndani huko, taa zinawekwa juu ya vielea, zinaachwa majini, alafu mnakaa kimya. Kazi ni kusubiri tu. Baridi ya ziwa usiku sio ya mchezo. Nikainama nikawa naangalia chini ya taa, mwanzo niliona vidudu tu vinaruka ruka juu ya maji, baadae nikaona kitu kama sindano kimemeta kikapotea, kikarudi viwili, vitatu, kufika kama saa sita usiku maji yote chini ya ile taa yalikuwa yanametameta, wanazunguka tu, wanazunguka, wote vichwa upande mmoja. Mjomba akaanza kuivuta taa taratibu sana na wale dagaa wakawa wanaifuata, akaniambia, "Unaona mjomba, hapa hakuna aliyewafukuza. Wamekuja wenyewe. Hata wavu ukishawazunguka bado wanaangalia taa."

Hilo neno lilinichoma lakini sikuelewa kwa nini.

Nikamuuliza mbona wiki mbili zilizopita hawakutoka, akasema ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, dagaa hana shida na taa yangu, nitamaliza betri bure. Kwa hiyo siku kama kumi hivi kila mwezi wanapumzika, wanashona nyavu.

Sasa nije kwangu. Kipindi hicho hicho mimi ndo nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha vijana kanisani, tunachangishana kila wiki, mtu akipata shida anasaidiwa. Na nilikuwa mtu wa mikesha jamani. Mkesha wa Ijumaa sikosi, napiga kinanda kuanzia saa nne usiku mpaka kumi na moja, watu wananiita mtumishi. Lakini nikiwa peke yangu chumbani, kusoma Neno ilikuwa hakuna, miezi sijui saba au nane. Maombi yangu yalibaki yale ya kwenye maiki. Na sikuona kama kuna tatizo kwa sababu macho yangu yalikuwa wazi usiku kucha.

Ikaja dili ya dagaa. Kuna mzigo ulikuwa unauzwa bei ya chini sana, unanunua wabichi, unaanika, siku mbili tatu unapeleka sokoni faida iko wazi. Nikachukua hela ya kikundi laki tatu na nusu. Nilijiambia narudisha wiki ijayo na juu naongeza sadaka, tena nilimshukuru Mungu kwa kunifungulia mlango! Yaani nilisali kabisa. Mvua ikanyesha usiku wa kwanza, dagaa wako mchangani, wakaharibika, nikaambulia kidogo tu cha kuuza chakula cha kuku.

Lakini hiyo hasara sio iliyoniamsha. Iliyoniamsha ni dada mmoja wa kikundini, mtoto wake alilazwa, akanipigia jioni akaomba elfu hamsini ya dawa kutoka kwenye mfuko, haki yake kabisa. Nikamwambia dada yangu mtandao unasumbua, hela haitoki, tujaribu kesho. Akasema, "Sawa kaka, Mungu akubariki kwa kuhangaika." Nilibaki nimeshika simu. Nikawaona wale dagaa, naapa niliwaona, vichwa upande mmoja.

Nilienda kwa mjomba usiku ule ule na bodaboda nikakopa elfu hamsini nikamtumia yule dada. Jumapili nikasimama mbele ya kikundi nikasema yote. Wapo waliolia, yupo aliyeondoka hajarudi mpaka leo na namwombea. Deni nilimaliza kwa miezi mitano.

Toka hapo maandiko ya kukesha nayasoma tofauti. Angalia wale wanawali kumi Mathayo 25, watu wengi tunahubiri kama vile wapumbavu ndo walilala, lakini mstari wa 5 unasema wote walisinzia wakalala, na wenye busara pia. Kilichowatenga ni mafuta, kitu ambacho huwezi kukiona mtu akiwa amepanga mstari na taa yake inawaka. Mimi nilikuwa na taa, tena yenye spika.

Alafu Petro. Gethsemani Bwana alimuuliza yeye, hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja? Luka anaongeza kwamba walilala kwa huzuni, na hili nawaomba msilipite haraka, maana kuna watu humu wamelala kiroho kwa sababu wamechoka na kuumia, sio kwa sababu ni wakaidi. Usiku ule ule Petro akamkana Bwana kabla jogoo hajawika. Na ni Petro huyu huyu aliyekuja kuandika kwenye waraka wake wa kwanza, sura ya 5 mstari wa 8, "Mwe na kiasi na kukesha", adui anazunguka kama simba angurumaye. Anaandika mtu aliyewahi kulala zamu yake. Ndo maana namwamini sana.

Ila kwangu mimi simba hakuunguruma. Ningekimbia. Kwangu alikuja kama mwanga, na Paulo ameliandika hilo 2 Wakorintho 11:14, kwamba Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Dili nzuri, huduma inayokua, kusifiwa, hata kuitwa mtumishi. Unazunguka taa huku unaona uko kwenye nuru kuliko wenzako walioko gizani.

Kwa hiyo siku hizi sijipimi kwa usiku ngapi nimekesha. Mikesha bado naenda na naipenda, lakini kabla sijashika kinanda lazima niwe nimekaa na Neno peke yangu, hata zaburi moja. Zaburi 36 inasema "Katika nuru yako tutaona nuru", na mimi nimeshaona, siku nikikaa pale vizuri zile taa nyingine hazinivuti, wala sihitaji kujizuia kwa nguvu nyingi. Siku nisipokaa, hata meseji ya mkopo kwenye simu inanivuta. Hela ya kikundi sasa inashikwa na watu wawili. Na kuna kaka mmoja kila Jumamosi jioni ananiuliza maswali ambayo sipendi kuulizwa, na mimi namuuliza ya kwake.

Kumekucha sasa, nasikia jogoo kwa jirani. Nilivyoamka nilitoka nje kidogo, mwezi ulikuwa umejaa, ziwa jeupe mpaka mbali kule. Mjomba yuko kwake amelala. Hakukuwa na taa hata moja majini.