Mvua ya -2147483648

Enzi hizo nafanya kazi kwenye kaofisi kadogo hapa Dar, tunaandika programu kwa lugha ya C za kuchakata takwimu za mvua, na ile ripoti ilikuwa ya bonde la mto Ruvu, mto ambao Dar inautegemea sana kwa maji kwa hiyo si ripoti ya kuchezea. Programu yenyewe tuliirithi, inasoma faili la kila kituo cha kupimia mvua, inatoa wastani wa kila mwezi, afu inachanganya vituo vyote kupata mvua ya mwaka ya bonde zima.

Asubuhi moja mzee wetu, injinia wa maji, akaja na jedwali mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniwekea karatasi mezani. "Kijana, hii ni mvua gani?" Kwenye jumla ya mwaka pameandikwa -2147483648. Milimita. Hakukasirika kabisa, ila alisema kitu kikaniingia: "Hii nimeiona kwa sababu ni ya ajabu. Ingekuwa namba inayofanana na mvua, si ingepita?"

Kwa aliyezoea C namba ile inajulikana, ndo int (namba nzima) ndogo kuliko zote ya biti 32, na prosesa za Intel hukupa hiyo ukilazimisha NaN (yaani "si namba", alama ya hesabu isiyo na jibu) iwe int. Nikachapisha thamani kabla haijageuzwa, kweli ikatoka -nan. Sasa NaN imezaliwa wapi? Hapo ndo kazi, maana NaN ukiijumlisha na chochote inabaki NaN, inasafiri kimya toka kituo hadi bonde hadi mwaka mzima na programu haisemi neno.

Kilichonishangaza ni kwamba ulinzi ulikuwepo! Kulikuwa na mstari unaokataa mvua iliyo chini ya sifuri au juu ya kiwango fulani, lakini NaN ukiilinganisha na namba yoyote, iwe kubwa iwe ndogo, jibu ni hapana, kwa hiyo ikapita getini bila kuguswa. Na isnan(), ile fanksheni ya kuuliza kama thamani ni NaN, ilikuwepo pia chini yake. Nikakodolea macho ule mstari weee, mpaka dada mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi akafungua Makefile, faili la maagizo ya kujenga programu, akasema "kaka njoo uone", kumbe mle kuna -ffast-math. Hiyo inaiambia kompaila, yaani kinachogeuza kodi kuwa programu, kwamba NaN na infiniti hazitatokea kamwe, basi kompaila ikaamini, ikaifuta isnan yote kama kitu kisicho na kazi. Tukaitoa. Isnan ikaanza kukamata, ila inakamata mwishoni kabisa, haikwambii chanzo.

Ndo tukatumia feenableexcept, fanksheni inayofanya programu isimame palepale hesabu inapoharibika. Si ya C ya kawaida, ni ya glibc (maktaba ya C ya Linux), unaweka _GNU_SOURCE juu, unaingiza fenv.h, unalinki na -lm, afu mwanzoni mwa main unataja unachotaka kikulipukie. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, cha hesabu za namba za desimali, kina eksepsheni (hitilafu za hesabu) tano na kwa kawaida zote hazisimamishi programu, zinainua flegi (alama) tu na hesabu inaendelea. Sisi tukawasha tatu: FE_INVALID (hesabu batili), FE_DIVBYZERO (kugawa kwa sifuri) na FE_OVERFLOW (jibu kubwa kupita kiasi). FE_INEXACT (jibu lililokadiriwa) usiiwashe, hata moja kugawa kwa tatu inaiinua, programu haitafika popote. Na watu wengi huwasha FE_DIVBYZERO peke yake wakidhani inatosha, wakati sifuri kugawa kwa sifuri inahesabika kuwa INVALID, ni tano kugawa kwa sifuri ndo DIVBYZERO na inakupa inf.

Tukaiendesha ndani ya gdb, programu ya kusakia makosa, ikasimama hapohapo na SIGFPE (ishara ya hitilafu ya hesabu), mstari huu:

wastani = jumla / siku;

jumla ni double (namba ya desimali) na ni sifuri, siku ni int na ni sifuri. Yaani kuna kituo mwezi wa masika hakina hata siku moja iliyopimwa. Kwa kuwa jumla ni double, C inaigeuza siku nayo kuwa double kabla ya kugawa, ndo maana haikufa. Zingekuwa int zote mbili, kwenye Intel ingekufa palepale, ila kwenye prosesa za ARM za biti 64 ingerudisha sifuri tu bila kelele. Na sifuri kwenye mvua ni jibu kamili, inamaanisha haikunyesha! Nikamkumbuka mzee, hiyo ndo namba inayofanana na mvua.

Mwenzetu mmoja akashauri tuidake SIGFPE kwa hendla, yaani fanksheni ya kupokea ishara hiyo, afu tuendelee mbele. Tukajaribu, programu ikaganda, kwa sababu hendla ikirudi prosesa inarudia uleule ugawaji, inalipuka tena, inarudi tena, haimaliziki. Kutoka humo mpaka siglongjmp, yaani kuruka kwa nguvu kwenda sehemu nyingine ya programu, na mimi sikutaka ripoti ya maji isimamie kwenye mambo hayo. Afu chipu nyingi za ARM hazina hiyo mitego ya kusimamisha programu, feenableexcept inakurudishia -1 na usipoangalia utadhani umelindwa.

Tulichofanya, tukaweka if (siku == 0) kabla ya kugawa, mwezi unaandikwa hakuna vipimo na si sifuri, na kwenye logi pamoja na jina la kituo, na kila kituo kikianza tunaita feclearexcept(FE_ALL_EXCEPT) kushusha flegi zote, kikiisha tunauliza fetestexcept kama kuna iliyoinuka, flegi ikiwa juu jina la kituo linaandikwa kwenye logi na programu inagoma kutoa jumla ya bonde. Mitego tukaibakiza kwenye toleo la kujaribia tu.

Mzee alivyoona jina la kituo kwenye logi akapiga simu palepale. Mpimaji akamjibu karatasi za mwezi ule anazo, alizituma, na mvua ilinyesha sana. Kumbe hazikuwahi kuingizwa kwenye kompyuta. Akatupigia picha zile karatasi, tukaingiza siku moja moja, mzee anasoma mimi naandika, tukaendesha upya na jumla ikatoka.