Siku Moja Maishani Mwangu: Karani wa Nyaraka za Mizigo, Kasumbalesa

Nikisema nafanya kazi kampuni ya kliaringi, yaani ya kutoa mizigo forodhani, watu husikia mambo mawili: hela na ujanja ujanja. Nikiongeza kwamba ofisi imenituma Kongo peke yangu, wanasikia na la tatu: posho. Shangazi yangu mpaka leo anaamini nikisafiri nakaa hoteli yenye kiyoyozi, nasaini karatasi, narudi na vitenge. Naandika siku moja ya mwezi Juni kama ilivyokwenda, ili mwenye kutaka kuijua kazi hii aijue.

Siku nyingi nipo Kurasini, Dar es Salaam, idara ya nyaraka. Nashuka daladala ya Mbagala kabla ya saa mbili, nafungua mfumo wa forodha, nalinganisha BL (hati ya shehena ya meli) na ankara na pakingi listi (orodha ya vilivyopakiwa na uzito wake) mpaka macho yanauma. Mizigo yetu mingi ni ya transiti, inashuka bandari ya Dar kwenda Kongo. Mzigo wa hivyo haulipiwi ushuru Tanzania. Unapita chini ya dhamana, na kampuni yetu ndiyo inayobeba hiyo dhamana mpaka ithibitike kwamba kontena limevuka Tunduma. Baada ya hapo kuna Nakonde, upande wa Zambia, halafu Zambia yote mpaka Chingola na Chililabombwe, ndipo Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Ni karibu kilometa 2,000 kutoka Dar mpaka Lubumbashi, na kila geti njiani linasoma namba zilezile nilizoziandika mimi mezani. Zikitofautiana, lori linasimama.

Saa 11:30 alfajiri. Naamka Lubumbashi. Saa ya huku iko nyuma ya Dar kwa saa moja, kwa hiyo ninapofungua macho wenzangu wako barabarani na ujumbe wa kazi umeshaanza kuingia. Umeme umekatika tangu usiku, maji ni ya baridi, na Juni mji huu unapoa kweli kweli maana uko juu, mita 1,200 hivi. Naoga hivyo hivyo. Nakagua mkoba: pasipoti, kadi ya njano ya chanjo (waliiomba uwanja wa ndege wa Luano juzi kabla hata ya pasipoti), seti mbili za nyaraka, powabenki mbili, dola nimezigawa sehemu mbili. Msichana anayesafiri peke yake haweki pesa zote mahali pamoja.

Saa 12:30 asubuhi. Safari ya Kasumbalesa, kilometa 90 hivi. Dereva ni yule yule aliyetafutwa na wakala mwenzetu wa huku, sipandi gari lingine. Tunapishana na malori yenye mabamba ya shaba yamefungwa kwa mikanda ya chuma, mengine yanaelekea bandari ileile niliyotoka mimi. Vumbi jekundu, vituo vya kulipia barabara, malori tena.

Saa 2:20 asubuhi. Naingia kwenye yadi ya maegesho. Lori letu lipo mstari wa nne, na dereva wetu, mzee wa Mbeya, amefungua boksi la jikoni ubavuni mwa trela, anachemsha chai kwenye jiko la mtungi mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na karatasi au umekuja kunisalimia?"

"Nimekuja kukutoa."

Ananipa chai kwenye kikombe cha bati, ya tangawizi, na kipande cha mkate. Hii ni siku yake ya nne hapa. Posho yake ya safari ilipigiwa hesabu ya siku za kwenda na kurudi, hakuna aliyemhesabia siku za kusimama. Analala kwenye kabini, anaoga kwa ndoo ya kulipia, na usiku anaamka kila mara kuangalia matangi ya mafuta na sili, yaani lakiri, ya kontena. Wanaosema kazi yangu ni karatasi tu ningependa wakae naye asubuhi moja. Hizo karatasi ndizo zinazoamua kama atalala pale tena.

Saa 3:00 asubuhi. Ofisi ya wakala mwenzetu, chumba kimoja nje ya geti. Kwa sheria za huku mimi siwezi kuwasilisha tamko la forodha, anawasilisha yeye. Ni mama wa makamo, mtaratibu, anaijua kazi hii kunishinda mimi mara kumi.

"Jambo mama. Ulilala muzuri?"

"Nililala vizuri mama, sijui nyie."

"Shida iko kwa kilo," anasema, na kunisogezea faili.

BL inasema kilo 24,680. Pakingi listi inasema 26,480. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Mzigo ni vipuri vya pampu kutoka China, na pakingi listi ilichapwa na muuzaji huko huko, ikatufikia kupitia kwa mteja wetu baada ya lori kuondoka Dar, ikiwa imewekwa mahali pa ile ya kwanza tuliyoipitisha. Nina barua pepe zenye tarehe. Afisa amesimamisha faili, na yuko sahihi, ningekuwa yeye ningelisimamisha.

Kazi ya kwanza ni kujua namba ipi ni ya kweli. Tangu Julai 2016 hakuna kontena linalopakiwa melini bila uzito wake kamili kuthibitishwa, mzigo pamoja na kontena lenyewe, na hati hiyo ninayo: kilo 26,900. Narudi yadini, nasimama nyuma ya trela, napangusa vumbi mlangoni kwa kitambaa. Mistari ile myeupe ambayo watu hupita bila kuisoma ndiyo niliyoifuata: neno TARE, na mbele yake 2,220. Hapo ni uzito wa kontena tupu. Ishirini na sita elfu mia tisa toa elfu mbili mia mbili ishirini: ishirini na nne elfu mia sita themanini. BL iko sawa, pakingi listi ndiyo imekosewa. Napiga picha mlango, namba ya kontena, na sili. Mzee wa Mbeya ananishikia kitambaa, anauliza, "Imekubali?" Namwambia imekubali.

Lakini ushahidi wangu hautoshi peke yake. Forodha wanataka pakingi listi iliyorekebishwa na aliyeitoa, yenye saini na muhuri wake. China iko mbele ya Lubumbashi kwa saa sita. Ofisi za kule zinafungwa saa 11 jioni, na huku hiyo ni saa 5 asubuhi. Saa yangu inaonyesha 3:25. Nampigia mteja Dar.

Hapa ndipo siku ilipoharibikia.

Namweleza kwa adabu, polepole, kitu kimoja ninachohitaji: amwandikie muuzaji wake sasa hivi. Ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, "Wewe binti, una kompyuta hapo?" Namwambia ninayo. "Basi si ubadilishe hiyo namba? Namba mbili tu hizo. Nakulipeni za nini?"

Namwambia siwezi, hati si yangu. Anakata.

Saa 3:40 anapiga yeye. Sasa ni mpole. "Mdogo wangu, nyie watu wa kliaringi mnajua mambo haya. Usinifanye mimi mgeni." Namwambia nikibadilisha hati ya mtu mwingine nimeghushi, na nimeghushi kwenye nchi ya watu, kwa jina la kampuni yenye leseni. Nimekaa darasani jioni baada ya kazi, nikapata cheti cha EACFFPC cha uwakala wa forodha wa Afrika Mashariki, na sikukipata ili nije kubadilisha tarakimu kwenye yadi. Halafu namweleza na faida yake mwenyewe: nakala ya muuzaji ikija kuombwa baadaye zikatofautiana, mzigo wake wote utaitwa wa kutiliwa shaka, na huu na unaofuata. Anasema nina maneno mengi.

Saa 4:00 kasoro bosi wangu ananipigia. Mteja ameshamfikia, amesema ameletewa mtoto asiyejua kazi. Moyo ulinienda mbio, sitaficha. Nikampa bosi hesabu: 26,900, 2,220, 24,680, na picha ya mlango. Akanyamaza kidogo. "Usibadilishe kitu," akasema. "Mimi naongea naye." Nilihitaji sentensi hiyo kuliko kifungua kinywa.

Ila kuongea kwao kukachukua muda. Saa 4:15 hakuna kitu. Saa 4:25 mteja anatuma sauti ya dakika tatu kuhusu mizigo yake ya zamani ambayo haikuwahi kusimama. Naisikiliza yote, huenda ndani yake kuna jibu. Hakuna. Mama wa ofisi anaandika kwenye daftari lake bila kuinua kichwa, na kila baada ya muda anatazama saa ya ukutani, kisha mimi. Anajua hesabu ya China.

Nikaona nikisubiri aandike, saa tano itapita. Nikamwandikia mimi barua yote ya kumpelekea muuzaji: mistari sita, namba ya BL, namba ya kontena, uzito uliokosewa, uzito sahihi, tunaomba nakala mpya yenye saini na muhuri leo. Nikaambatanisha picha. Nikamtumia na maneno haya tu: "Kaka, naomba umpelekee kama ilivyo." Saa 4:48 alama mbili za bluu. Saa 4:52 akajibu: "Nimetuma."

Sikushangilia. Nilikwenda nje nikasimama juani, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya kile chumba.

Mtu wa China, nisiyemjua jina wala sura, alibaki ofisini baada ya saa za kazi. Saa 6:35 mchana nakala mpya iliingia, safi, muhuri mwekundu, 24,680. Tukachapisha, mama akaiweka kwenye faili na kupanga upya kila karatasi kwa mfuatano wake, akapeleka. Jibu lilikuwa kwamba mkubwa ametoka kula.

Mchana sikumbuki vizuri saa zake. Nakumbuka dirisha la malipo ya maegesho. Nilihesabu dola zangu mbele ya karani, naye akaziinua moja moja kwenye mwanga. Noti ya hamsini ikarudi. Ilikuwa na mchaniko pembeni, mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, nami Dar niliikagua taa ikiwa imewashwa sikuuona. Huku dola iliyochanika haipokelewi hata na muuza nyanya, kila msafiri wa Kongo anajua hilo, hivyo sikubishana. Nikafungua fungu la pili, lile la kwenye soksi za akiba, nikatoa nyingine. Hiyo ndiyo posho ambayo shangazi yangu anaisikia: pesa ya ofisi inayobadilishwa dirishani kwa risiti, na risiti isipopatikana inakatwa kwenye mshahara wangu.

Kisha kusubiri. Kusubiri kuna uchovu wake, tofauti na wa kubeba. Huwezi kulala, huwezi kuondoka, huwezi kuagiza chakula kinachochukua muda kuiva, maana jina la kampuni likiitwa lazima uwepo. Madereva wa Kitanzania wakaniona nimekaa kwenye jiwe karibu na geti, wakaniletea kiti cha plastiki. Mmoja wa Iringa akaniuliza kama naweza kumwangalizia na yeye karatasi zake, wakala wake hapokei simu siku ya pili. Si mzigo wetu, lakini nikaangalia. Namba ya trela ilikuwa ya trela aliloliacha Tunduma lilipovunjika ekseli. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi amwambie wakala nini hasa, kwa maneno mafupi. Akakikunja akakitia kwenye kava la simu.

Jua lilikuwa limeshuka usawa wa mabati mama alipotoka na karatasi ya kuachiwa mzigo. Alinipungia kwa mbali, hakupiga kelele. Tulikwenda wote watatu nyuma ya trela. Sili nzima, namba ile ile ya asubuhi, tukaiandika mbele yake, mzee akasaini.

"Unaondoka sasa hivi baba?"

"Alfajiri. Usiku siendeshi njia hii. Lakini leo nitalala mtu aliyeachiwa, usingizi wake mwingine."

Njiani kurudi mteja aliandika: "Umetoka?" Nikamjibu umetoka, nikamtumia picha ya karatasi. Akaweka kidole gumba. Sikutegemea zaidi, na siwezi kusema haikuniuma. Bosi aliandika sentensi mbili za shukrani kwenye kundi la ofisi, kwa jina langu, wote wakaona. Hiyo niliisoma mara mbili.

Lubumbashi nilifika giza limeingia. Kwenye kibanda jirani na gesti dada wa jikoni aliniambia, "Bukari iko tayari, mama," yaani ugali, akaniwekea na sombe, kisamvu cha huku, na samaki mkavu, nikala bila kuzungumza na mtu. Umeme ulikuwa umerudi. Nilipiga picha risiti zote, nikaandika ripoti: sababu ya kusimama, hatua, muda wa kila simu, nyaraka mpya. Kwenye mstari wa mapendekezo niliandika kwamba kuanzia sasa nyaraka yoyote inayobadilishwa baada ya lori kutoka Dar isipokelewe bila kupita kwetu upya, hata mteja akikasirika.

Kesho saa 3:00 nipo kwenye ghala la mpokeaji. Sili inakatwa mbele yangu, vipuri vinahesabiwa boksi kwa boksi, mpokeaji anasaini nakala tatu, mzee anapata karatasi yake ya kurudia Dar. Mchana nampigia wakala wa Nakonde, kuna makontena mawili yetu yameingia pale leo jioni na pakingi listi zake bado sijaziona.