Nilisafiri usiku kucha kuifuata bia

Aliyeniambia "India bia zipo kila kona, we nenda tu" alisomea Bangalore. Mimi nilikuwa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, ambako pombe ni marufuku tangu jimbo lenyewe lilipoundwa mwaka 1960, kwa heshima ya Gandhi aliyezaliwa huko. Hilo mwenzangu hakulitaja.

Nilikuwa nimempeleka mjomba kubadilishwa goti. Wiki ya kwanza nikavumilia. Ya pili nikamfuata dereva wa bajaji, nikaangaza huku na huku, nikamnong'oneza "koldi drinki", na jicho nikamkonyeza. Naye akanikonyeza. Tukazunguka vichochoro mpaka nikaanza kuhisi nauzwa. Akasimama mbele ya kibanda, akashuka mwenyewe, akanikabidhi kwa fahari zote: Thums Up, chupa inatoka jasho. Kumbe kule koldi drinki ni soda, basi. Nikainywa yote, ningefanyaje? Na nauli akadai kama rupia mia mbili.

Mlinzi wa gesti ndiye aliyenitonya: nenda Diu. Ni kisiwa kidogo kusini mwa Gujarat, kilikuwa cha Wareno mpaka 1961, na hakimo kwenye jimbo hilo, kwa hiyo marufuku haikigusi. Wagujarati wenyewe hujazana huko wikiendi. Nikamuaga mjomba, nikasema naenda kuona ngome ya Wareno. (Ipo, sikudanganya.)

"Ngome, eh? Haya mjomba, ukirudi usininukie ngome."

Basi la kulala, saa kumi nzima, umelazwa kama maandazi kabatini, kila tuta unagonga kichwa. Nafika asubuhi, baa zote zimefungwa. Tarehe 2 Oktoba. Siku aliyozaliwa Gandhi, na India nzima haiuzwi pombe! Mzee wa watu kanifuata mpaka kisiwani. Jamani, tazameni kalenda: hiyo, 26 Januari, 15 Agosti, na kukiwa na uchaguzi ndiyo usiulize.

Nikashinda ufuo wa Nagoa chini ya mikoche. Ndiyo, mikoche ile ile iliyoipa jina Mikocheni. Wao wanaiita hoka, na husimulia kwamba Wareno ndio walioileta kutoka Afrika. Tukakaa hapo mimi na ndugu zangu, wote wakavu.

Kesho yake sasa! Kingfisher ya mililita 650, baridi inauma meno, rupia mia na ushee. Pembeni karanga zilizochanganywa na vitunguu, nyanya, pilipili na ndimu. Hizo agizeni hata kama hamnywi. Ukitaka ramu ipo Old Monk, ila taja kipimo: pegi kubwa ni mililita 60, ndogo 30. Mimi sikutaja.

Kilichomo tumboni ndicho unachoondoka nacho. Kwenye kizuizi cha kurudi Gujarat polisi walipekua basi zima, na kijana wa kitanda cha chini yangu, aliyeficha chupa kwenye soksi, akashushwa. Tukamwacha.

Nafika Ahmedabad, namsimulia dada wa mapokezi pale gesti. Akanitazama kwa huruma. Mgeni mwenye pasipoti na viza, akasema, anaweza kuomba kibali, na kuna hoteli mjini humo humo zina duka maalumu la kumuuzia.

Mjomba alipolisikia hilo alicheka mpaka muuguzi akaja mbio kuangalia nyuzi.