Fungate kwa pointi: jinsi safari za kazi zilivyotupatia siku tano za Maldives

Nilipomwambia mama kwamba fungate yetu itakuwa Maldives, alinyamaza kidogo, kisha akanyoosha mkono kuelekea dirishani, upande ambao maji ya Nyegezi huonekana katikati ya mawe, akaniuliza, "Na ziwa hili lina kosa gani, mwanangu?" Nilimjibu kwamba ziwa halina kosa lolote, na kwamba safari hiyo haitachukua hata shilingi moja ya kamati ya harusi. Jibu hilo la pili ndilo lililomfanya avute kiti na kunisikiliza, na kwa kuwa ndugu na wafanyakazi wenzangu kadhaa wameniuliza jambo hilohilo tangu siku hiyo, nimeona niliandike kwa utaratibu.

Harusi za kwetu huendeshwa kwa michango. Kadi ya mchango humfikia shangazi aliyeko Geita, jirani wa Igoma na mtu uliyesoma naye darasa la tano, na kamati hukutana kila Jumapili kuhesabu ahadi zilizotimizwa na zile zinazosuasua. Fedha hizo ni za ukumbi, chakula, mapambo na usafiri wa wazee. Mimi binafsi nisingeweza kumtazama machoni mtu aliyejinyima ili achangie harusi yangu, halafu nikatumia sehemu ya mchango wake kulala katika hoteli ya kifahari. Kwa hiyo tulikubaliana mapema, mchumba wangu na mimi, kwamba fungate italipiwa na kile ambacho tayari kilikuwa kimelala katika akaunti zetu: maili za ndege na pointi za hoteli, yaani zawadi ambazo mashirika ya ndege na hoteli humwekea mteja anaposafiri au kulala kwao, ili baadaye azitumie badala ya fedha.

Ninafanya kazi ya udhibiti wa ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Soko kubwa la minofu hiyo liko Ulaya, na kazi yangu imenipeleka huko kwa mafunzo na vikao na wanunuzi kwa muda wa miaka sita. Maili husajiliwa kwa jina la abiria hata kama nauli imelipwa na mwajiri, lakini sikutaka kuishia kwenye kanuni ya shirika la ndege peke yake. Nilikwenda kwa meneja wangu nikamwomba idhini ya kutumia maili hizo kwa mambo yangu, naye akaniandikia. Ninamshauri kila anayesafiri kwa fedha ya ofisi afanye hivyo kabla hajaanza kupanga, kwa sababu zipo ofisi zinazodai maili hizo zitumike kwa safari za kazi zinazofuata.

Miaka yangu miwili ya kwanza ilipotea bure. Wakala aliyetumiwa na ofisi alikuwa akiweka nafasi za hoteli kupitia tovuti za watu wa kati, na hoteli nyingi kubwa hazitoi pointi kwa mgeni ambaye hakuweka nafasi kwao moja kwa moja. Nililala wiki nyingi katika vyumba vilivyolipiwa vizuri bila kupata pointi hata moja. Nilipogundua jambo hilo, nilimwomba wakala aweke nafasi kupitia hoteli yenyewe na kuandika namba yangu ya uanachama; bei ikawa ileile, na akaunti ikaanza kusogea.

Hata hivyo ilisogea polepole, na hapa ni lazima niseme wazi jambo ambalo video nyingi za mtandaoni hazimwambii Mtanzania. Sehemu kubwa ya ushauri huo huandaliwa kwa ajili ya Wamarekani, ambao benki zao humpa mteja mpya makumi ya maelfu ya pointi kwa kufungua kadi ya mkopo na kutumia kiasi fulani cha fedha ndani ya miezi michache. Mtu wa namna hiyo anaweza kupata fungate nzima bila kupanda ndege hata mara moja. Sisi tunaolipana kwa simu na kutumia kadi za benki za kawaida hatuna mlango huo. Mwanachama wa Marriott Bonvoy, mpango wa pointi wa hoteli za Marriott, kwa mfano, hupata pointi 10 za msingi kwa kila dola moja anayolipa katika hoteli zao nyingi. Wiki tatu za mafunzo katika chumba cha dola 180 kwa usiku ni dola 3,780, yaani pointi 37,800. Ni akiba nzuri, lakini anayedhani kwamba safari mbili zitamlipia wiki nzima ya anasa atavunjika moyo. Mimi ilinichukua miaka minne ya kuzitunza, na mwishoni nilinunua pointi chache zilizopungua wakati zilipouzwa kwa punguzo. Kununua pointi ili kuziba pengo dogo ni sawa. Kununua akaunti nzima kuanzia sifuri sikushauri hata kidogo, kwa sababu kampuni hubadilisha bei za vyumba vyao kwa pointi bila kumwuliza mtu.

Maili nazo huisha muda. Pointi za Marriott hufutwa mwanachama akikaa miezi 24 bila kuongeza wala kutumia, na Avios, kama Qatar Airways inavyoziita maili zake, hudumu miezi 36 tangu mara ya mwisho akaunti ilipotumika. Niliandika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani jikoni, chini ya tarehe ya bili ya maji.

Kabla ya kuzitumia, nilijifunza hesabu moja ndogo ambayo imeniepusha na makosa mengi. Chukua nauli ya fedha taslimu, toa kodi na tozo ambazo utazilipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili zinazotakiwa. Tuseme nauli ni dola 900, kodi na tozo ni dola 150, na maili zinazotakiwa ni 50,000: kila maili imekulipia senti moja na nusu ya dola. Ukiona tiketi nyingine ambayo maili yake inalipa chini ya nusu ya hapo, tunza maili na lipa fedha. Daraja la biashara mara nyingi huonyesha hesabu tamu zaidi, lakini ujihadhari, kwa kuwa bei yake ya fedha ni ile ambayo wengi wetu tusingeilipa kamwe. Mimi nilikadiria kwa bei ambayo ningekubali kuitoa mfukoni, na ndiyo maana tunakwenda kwa daraja la biashara, kupitia Doha, na kurudi kwa daraja la kawaida. Safari ya kwenda tutakuwa tumetoka katika siku tatu za sherehe, na kitanda cha kunyoosha miguu kitakuwa na maana kubwa kuliko siku nyingine yoyote.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa tarehe. Mashirika ya ndege hutenga viti vichache kwa ajili ya maili, na huanza kuvionyesha karibu mwaka mmoja kabla ya safari. Kwa upande wa pili tulikuwa na paroko, ambaye alitukumbusha kwamba harusi haifungwi wakati wa Kwaresima, kwa hiyo Jumamosi zetu zilikuwa zile za kabla ya Jumatano ya Majivu. Visiwa vya Maldives vina ukavu mzuri kuanzia Desemba hadi Aprili, lakini wiki za Krismasi na mwaka mpya bei za pointi hupanda mno. Zilibaki Jumamosi nne tu zilizofaa kwa pande zote tatu. Tulikaa mezani usiku, kalenda ya parokia upande wa kushoto, kompyuta katikati, daftari la maili kulia, na nikawa ninatafuta siku baada ya siku. Nilitafuta viti viwili kila mara, kamwe si kimoja, kwa sababu nimeshawahi kuona kiti kimoja kikinichekea na cha pili hakipo. Saa sita na dakika kadhaa viti viwili vilitokea, siku ya Jumanne. Mchumba wangu alisoma tarehe kwa sauti, akaigusa Jumamosi iliyoitangulia kwenye kalenda, na asubuhi yake tulikuwa wa kwanza kufika ofisi ya parokia. Watu hudhani mtu hupanga harusi kwanza ndipo atafute fungate. Anayetegemea maili hana budi kuvipanga vyote viwili siku moja.

Sasa nifike kwenye Maldives yenyewe, mahali ambapo neno "bure" huwapotosha wengi. Pointi hulipia chumba. Kwa kawaida hazilipii namna ya kukifikia. Hoteli nyingi za huko ziko kila moja katika kisiwa chake, na zile za mbali hufikiwa kwa ndege ndogo zinazotua majini, ambazo kwa watu wawili, kwenda na kurudi, hugharimu dola mamia kadhaa na wakati mwingine zaidi ya elfu moja. Zaidi ya hayo, ndege hizo huruka mchana tu, kwa hiyo anayetua Malé, mji mkuu, jioni hulipia usiku mmoja mjini akisubiri kuche. Baada ya kuyajua hayo, nilifuta vyumba vyote vya visiwa vya mbali, hata vile vilivyokuwa vizuri mno pichani, na kuchagua Sheraton Maldives Full Moon, mojawapo ya hoteli za Marriott, iliyoko kisiwa cha Furanafushi, ambako boti ya kasi kutoka uwanja wa ndege hufika kwa muda usiozidi nusu saa. Boti nayo hulipiwa, lakini ni kiasi ambacho mshahara wangu unakiweza. Kodi ya mazingira, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mgeni kwa kila usiku katika hoteli za visiwani, nayo haifutwi na pointi. Kwa watu wawili na siku tano ni dola 120. Chakula ni gharama nyingine, na kisiwani hakuna mgahawa wa jirani wa kukimbilia, kwa hiyo tumelipia kabisa mpango wa kifungua kinywa na chakula cha jioni.

Nimetaja siku tano kwa sababu maalumu. Ukilipia usiku tano mfululizo kwa pointi katika hoteli za Marriott, usiku wenye bei ya chini kuliko zote hauhesabiwi. Anayekaa siku nne na anayekaa siku tano hulipa karibu sawasawa, na mtu asipolijua hilo huondoka siku moja kabla ya wakati.

Lipo pigo moja ambalo hadi leo linaniuma. Mchumba wangu ni mhandisi wa meli na aliwahi kwenda Asia mara mbili kwa mafunzo, safari ndefu zenye maili nyingi. Alikuwa amefungua akaunti kwa majina mawili anayotumia kazini, ilhali pasi yake ya kusafiria ina matatu, na shirika alilosafiri nalo halikumwekea maili hata moja. Alipoandika kulalamika, muda wa kudai ulikuwa umepita na vipande vya pasi za kupandia ndege alikwisha kuvitupa. Kwa maili hizo tungekuwa na daraja la biashara kwenda na kurudi. Kwa sababu hiyohiyo nimeamua kusafiri kwa jina langu la sasa: akaunti, tiketi na pasi ya kusafiria vyote vinasoma jina la baba yangu, na mabadiliko yoyote yatasubiri turudi.

Tahadhari ya mwisho inatuhusu sisi tunaoishi mbali na Dar es Salaam. Ndege ya Mwanza hadi Dar tumeilipia kwa tiketi tofauti, ya shirika tofauti, kwa hiyo ikichelewa hakuna atakayetusubiri wala kuturudishia viti vya maili. Tutaondoka Jumatatu na kulala Dar usiku mmoja.

Nirudi kwa mama. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani, na mama alikua akisikia kwamba fungate ni siku saba kamili, ambazo upande wa bibi harusi huwapelekea maharusi chakula. Akahesabu kwa vidole, akaniambia kwamba tano hazitoshi. Tuliongeza mbili, nazo tumezilipia kwa fedha yetu: tukitoka Maldives tutapumzika nyumbani siku moja, kisha tutavuka daraja la Kigongo–Busisi, tupite Sengerema na Geita hadi mwalo wa Kasenda, tukapande boti kwenda Kisiwa cha Rubondo. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, ina nzohe, aina ya swala wa majini, na sokwe, na raia hulipa kiingilio kwa shilingi. Hakuna pointi za kampuni yoyote zinazofika huko. Chakula cha siku ya kwanza kitatoka kwa mama. Ameshaagiza sato wa kukausha kwa mvuvi anayemwamini, na unga wa udaga anasema atautwanga mwenyewe wiki ya harusi.